Pikipiki ikinywa oili: waranti, risiti na yaliyonikuta Funyula

Tangu nihamie huku Funyula, simu ninazopokea kutoka nyumbani Mtwapa huanza kwa salamu ndefu na kuishia kwenye pikipiki. Binamu yangu wa Kikambala aliniambia yake ina miezi minne tu, inatoa moshi, oili inapungua kila wiki, na duka lililomuuzia limemwambia kosa ni lake. Wiki hiyo hiyo kijana mmoja wa stendi ya hapa akanieleza habari ile ile, utadhani wamekaa kikao pamoja. Mimi si fundi. Lakini jambo hili lilinifika mwenyewe, likatugharimu siku 19 za kazi, na nilipotoka nilikuwa nimejua kitu ambacho laiti ningekijua siku ya kununua. Ukienda kudai waranti kwa injini, cha kwanza kutazamwa si pikipiki. Ni oili uliyotia, na ushahidi ulio nao mkononi kwamba uliitia.

Nikisema oili nina maana ya mafuta ya injini, si petroli. Huku na kwetu Pwani neno mafuta limebeba mengi mno, na nimewahi kuona watu wawili wakigombana gereji kwa sababu kila mmoja alikuwa akisema mafuta yake.

Kwa wasioijua Funyula: iko kaunti ya Busia, kwa Wasamia, kati ya mji wa Busia na ufuo wa Ziwa Victoria kule Sio Port. Mpaka wa Uganda hauko mbali. Neno bodaboda lenyewe lilizaliwa mpakani huku, vijana wa baiskeli walipokuwa wakiwavusha abiria na mizigo kati ya Busia ya Kenya na ile ya Uganda, wakiita "boda, boda". Baiskeli zimebaki chache, pikipiki zimejaa. Ndizo zinazoleta omena kutoka ziwani, ndizo zinazompeleka mjamzito hospitali ya Nangina usiku, na ndizo zinazolisha nyumba nyingi, yangu ikiwamo.

Yetu tuliinunua mpya. Nusu ya pesa ilikuwa akiba yangu, nusu mkopo wa chama cha mke wangu, na anayeiendesha ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Chama hulipwa kila Jumamosi. Chama hakiulizi kama pikipiki ililala gereji.

Mwezi wa tatu ulikuwa haujaisha vizuri pale mama mkwe alipokuwa uani akianika nguo, shemeji akawasha pikipiki, naye akauliza: "Hii nayo imeanza kuvuta sigara?" Sote tulicheka. Mita ilikuwa inasoma kilomita 9,100.

Oili inakwenda wapi

Injini ndogo hizi za bodaboda, zile za sisi 100 hadi 150, hubeba oili kidogo, kama lita moja hivi. Oili hiyo moja inafanya kazi zote: inalainisha pistoni, inalainisha gia, inaipoza klachi, inabeba uchafu, na kwa kuwa injini hazina maji ya kupozea, inasaidia pia kuondoa joto. Lori likipoteza nusu lita linaweza lisijue. Pikipiki ikipoteza nusu lita imebaki na nusu. Na nyingi hazina taa ya kukuonya oili ikipungua. Utaonywa na kelele ya injini, na kelele ikisikika mambo huwa yameshaharibika.

Oili hupungua kwa njia mbili tu: ama inavuja nje, ama inaungua ndani. Kuvuja ni rahisi kukujua. Weka kipande cha kadibodi chini ya injini usiku, asubuhi tazama. Tone likiwa chini ya nati ya kutolea oili, mara nyingi ni washa yake imechoka, au fundi aliikaza kwa nguvu za mashetani hadi nyuzi zikaliwa. Ukungu wa oili kwenye viungo vya injini, pale silinda inapokutana na kichwa, ni gasketi. Futa injini nzima kwa kitambaa na petroli kidogo ikiwa imepoa, endesha siku moja, kisha utafute mahali palipolowa kwanza. Oili hupeperushwa na upepo, kwa hiyo palipochafuka zaidi si lazima ndipo panapovuja.

Kuungua ndiko kwenye maneno mengi. Pistoni ina ringi, na ringi ya chini kabisa kazi yake ni kukwangua oili kwenye kuta za silinda ili isipande juu. Ringi ikichakaa, ikikwama kwenye mfereji wake, au silinda ikipata mikwaruzo, oili inapanda, inaungua pamoja na petroli, na moshi unatoka wa rangi ya buluu wenye harufu ya kukirihisha. Juu nako kuna vali, nazo zina vizibo vidogo vya mpira. Vikikauka, oili inateremka kidogo kidogo usiku kucha. Ndiyo maana mafundi huuliza moshi unatoka lini. Ukitoka asubuhi tu unapowasha kisha ukakatika, shuku vizibo vya vali. Ukitoka kila unapovuta mafuta kupanda mlima na abiria, shuku ringi. Moshi mweusi si habari ya oili, ni petroli nyingi, mtafute wa kabureta. Na ule mweupe mwepesi wa asubuhi ya baridi ni mvuke tu, usipoteze pesa.

Wazee watakumbuka zile Yamaha AG100 walizokuwa wakiendesha maafisa wa kilimo. Zile zilitoa moshi wa buluu na hakuna aliyeshtuka, kwa sababu zilikuwa injini za mapigo mawili, zimeundwa kuchoma oili pamoja na petroli. Za leo ni za mapigo manne. Moshi wa buluu kwenye pikipiki ya leo si tabia yake, ni ugonjwa.

Kuna jambo moja linalosahaulika: kujaza kupita kiasi. Oili ikizidi alama ya juu, inasukumwa kupitia bomba la kupumulia la injini hadi kwenye boksi la filta ya hewa, na kutoka huko inavutwa kuungua. Moshi utatoka ilhali injini ni nzima kabisa. Kabla ya kwenda kudai chochote, pima. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa mahali tambarare, iwashe dakika chache, izime, ngoja kidogo oili iteremke, futa kijiti, kitumbukize, kitazame. Kwa pikipiki nyingi ndogo kijiti huegeshwa tu bila kukifunga wakati wa kupima, lakini kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye neno la mwisho. Zenye kidirisha cha kioo ubavuni zina raha zaidi.

Na usiihukumu oili kwa weusi wake. Oili nzuri huwa nyeusi kwa sababu inabeba masizi, hiyo ndiyo kazi uliyoiajiri. Ya kuogopa ni oili yenye rangi ya chai ya maziwa. Hiyo ina maji. Huku hutokea vijana wakivuka maji ya mvua yaliyofika kwenye injini, au wale wa kuosha pikipiki wakielekeza pampu kwenye kifuniko cha oili. Ukiiona, usiwashe tena. Imwage yote, tia mpya, endesha kidogo, mwaga tena. Nayo ya kuogopa zaidi ni ile yenye kumetameta kama vumbi la fedha ukiimwaga juani. Hivyo ni vyuma.

Oili gani, na ya nani

Hapa ndipo maduka yanapotushika, na lazima tukubali kwamba mara nyingine yanatushika kwa haki.

Klachi ya pikipiki nyingi hizi inaogelea ndani ya oili ile ile ya injini. Klachi ya gari haiko hivyo. Baadhi ya oili za magari hutiwa dawa ya kupunguza msuguano ili gari lile petroli kidogo, na dawa hiyo ikifika kwenye klachi ya pikipiki, klachi inateleza: injini inanguruma, mwendo hauongezeki. Kwa sababu hiyo Wajapani waliweka kiwango chao cha oili ya pikipiki za mapigo manne, kiitwacho JASO. Kwenye mkebe tafuta herufi MA, MA1 au MA2. MB ni ya skuta na pikipiki zisizo na klachi ya namna hiyo. Kisha tazama namba ya uzito, kama 20W-50, 20W-40 au 10W-30, na ilingane na kitabu chako, si na anachotumia jirani.

Kando ya barabara kuu ya kwenda Malaba na Busia, ambako malori hupanga foleni, oili ya dizeli imejaa na bei yake inavutia. Nimeona vijana wakitia oili ya lori kwenye pikipiki mpya na kujisifu kwamba ni nzito. Itaendesha, ndiyo. Lakini siku ya kudai waranti, mtu akikuuliza ulitia nini, utasema nini?

Ya kupimwa kutoka kwenye pipa, inayouzwa kwa chupa ya soda, ndiyo mbaya kuliko zote. Huenda ni nzuri, huenda ni ile ya zamani iliyochujwa ikapakwa rangi. Huna jina, huna namba ya toleo, huna risiti. Nunua mkebe uliofungwa, kifuniko kikiwa na kizibo chake hakijaguswa, wenye alama ya Shirika la Ubora wa Bidhaa, KEBS. Namba ya kibali iliyo chini ya alama hiyo unaweza kuituma kwa ujumbe mfupi kwenda 20023 ukaletewa majibu kama ni ya kweli. Na ukimaliza mkebe, utoboe kabla ya kuutupa. Mikebe mitupu mizima hununuliwa, na wanaoinunua hawafugi maua ndani yake.

Nahodha hangoji mbao zinyonye maji ndipo apake sifa. Na oili vivyo hivyo, si ya kungoja iishe. Ile ya kwanza kabisa hubadilishwa mapema, mara nyingi kati ya kilomita 500 na 1,000, kwa sababu injini mpya inajisaga, na vyuma vile vidogo vyote vinabaki ndani ya oili. Katika kipindi hicho usibebe watu watatu, usivute mafuta hadi mwisho, usishike mwendo mmoja saa nzima. Ringi na silinda zinazoeana wakati huo. Zikizoeana vibaya, hazisameheani tena. Na filta ya hewa ni ndugu ya oili: vumbi la njia za vijijini likipita, linageuka msasa ndani ya silinda. Wenzangu wa Magarini na Ganze mnalijua vumbi hilo.

Waranti inapima kilomita, si miezi tu

Turudi kwa yetu. Karatasi ya waranti ilisema miezi 12 au kilomita 12,000, lolote litakalotangulia. Sisi tulisoma "miezi 12" tukafurahi. Shemeji huenda kilomita kama 120 kwa siku, siku sita kwa wiki. Fanya hesabu: 720 kwa wiki, na 12,000 zinaisha ndani ya wiki ya kumi na saba. Waranti ya mwaka mzima, kwa bodaboda, ilikuwa ya miezi minne pungufu. Mama mkwe alipouona moshi tulikuwa tumebakiwa na wiki nne tu, na hatukujua.

Kwa hiyo siku ya kununua soma namba ya kilomita kwanza. Soma pia kama karatasi inataja matumizi ya kibiashara, maana zipo zinazoyapunguzia muda au kuyatoa kabisa. Hakikisha tarehe, muhuri wa duka, namba ya chesisi na namba ya injini vimeandikwa, na vinalingana na logibuku. Ikiwa umenunua kwa mkopo na logibuku iko kwa aliyekukopesha, omba nakala mapema. Na usikate waya wa mita hata kidogo. Wapo wanaoukata ili pikipiki ionekane changa siku ya kuiuza. Mita isiyofanya kazi inampa muuzaji sababu ya kukukatalia bila kufungua hata nati moja.

Vitu ambavyo kwa kawaida waranti haivigusi ni vile vinavyolika kwa kazi: brekshuu, sahani za klachi, cheni na sproketi, taa, tairi, na oili yenyewe. Uvujaji wa gasketi, injini kula oili ikiwa changa, gia kukwama, hivyo ndivyo vya kudai. Kubadilisha sproketi, kuchomelea keria nzito, kuunga taa za ziada kwenye waya, yote hayo yanaweza kutumiwa dhidi yako hata kama hayahusiani na ugonjwa.

Neno kwa jirani zetu wa mpakani, na kwa Mpwani anayesikia kwamba pikipiki ni rahisi ng'ambo. Kituo cha pamoja cha mpakani Busia, kilichozinduliwa rasmi 2018, kimerahisisha kuvuka. Hakikuifanya waranti ivuke nawe. Pikipiki iliyouzwa na duka la Uganda, usitarajie duka la Kenya lipige muhuri kwenye kitabu chake, hata kama jina lililo kwenye tangi ni lile lile.

Duka likisema kosa ni lako

Tulipoipeleka dukani, jina na mji naviweka kando, kijana wa mapokezi aliitazama dakika mbili akasema: "Mmetia oili mbaya, waranti haipo." Akarudi kwenye simu yake. Shemeji alitaka kugomba. Nikamshika mkono, si kwa busara, ni kwa sababu nilijua tuna doa.

Doa lilikuwa hili. Huduma ya kwanza na ya pili zilifanywa dukani, mihuri ipo. Ya tatu, dukani ilikuwa mbali na abiria walikuwa wengi, ikafanywa na fundi wa jirani kwa oili ya chupa ya soda. Hakuna risiti. Ya nne ilifanywa na fundi huyo huyo, lakini kwa mkebe niliounua mwenyewe, risiti ninayo. Kwa hiyo katika zamu nne tulikuwa na ushahidi wa tatu.

Nikamwambia yule kijana: "Mdogo wangu, hayo uliyosema niandikie kwenye karatasi, uweke muhuri na jina lako." Hakuandika. Alikwenda kumwita mkubwa wake. Hili nalirudia kwa kila anayenipigia simu: usiondoke na jibu la mdomo. Kukataa kwa mdomo ni rahisi. Kukataa kwa maandishi kunamlazimu mtu awe na sababu.

Mkubwa alikuja na mazungumzo mengine. Tulikubaliana vipimwe kwanza. Oili ikajazwa mpya mbele yetu hadi alama ya juu, mita ikaandikwa, na nati ya kutolea oili ikapigwa rangi ili ijulikane ikiguswa. Baada ya kilomita 500 tukarudi. Ilibidi waongeze karibu mililita 400 kufikia alama ile ile. Chini ya injini pakavu. Hapo hakuna aliyebisha tena kwamba injini inakula oili. Kilichobaki ni kwa nini.

Hatukumruhusu fundi wa nje aifungue, ingawa wengi walitushauri. Injini ikishafunguliwa na mtu wa nje, muuzaji atasema uharibifu ni wa yule fundi, nawe huna la kujibu. Ifunguliwe kwao, ukiwapo, ukipiga picha. Ilipofunguliwa, ringi ya oili ilikuwa imekwama upande mmoja na silinda ina mikwaruzo miwili mirefu. Wao wakasema ni ile oili ya chupa. Mimi nikauliza: oili mbaya kwa kilomita 2,000 iharibu upande mmoja tu wa pistoni, na klachi na gia zibaki salama? Filta ya hewa ilikuwa safi na risiti yake ipo. Sijui hadi leo nani alikuwa na haki kamili. Lakini swali hilo nisingeweza kuliuliza bila zile karatasi tatu.

Sheria inasema nini? Katiba ya 2010, Kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa maelezo yatakayomwezesha kuitumia bidhaa ipasavyo, na fidia akipata hasara kwa kasoro. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inamhesabu muuzaji kuwa amekuhakikishia ubora hata kama hakutamka. Tena kifungu chochote cha mkataba kinachojaribu kuondoa dhamana zilizowekwa na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa hakina nguvu. Maana yake, karatasi ya waranti ya duka ni nyongeza juu ya haki ulizo nazo, si mwisho wake. Kilomita 12,000 zikipita, kasoro iliyokuwamo tangu kiwandani haigeuki kuwa halali. Ila lazima uithibitishe, na hapo ndipo ugumu.

Ukikwama, andika barua ya madai yenye tarehe, eleza kasoro, ambatisha nakala, taja unachotaka na siku ngapi unawapa, kisha ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Malalamiko ya mtumiaji hupokelewa pia na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Na ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kazi 2021, inayosikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na kutakiwa kuyaamua ndani ya siku 60. Pikipiki mpya na hasara zake inaingia humo vizuri. Unaweza kusimama mwenyewe bila wakili. Ulizia mahakama ya karibu nawe kama ina kitengo hicho.

Tulivyomaliza

Hatukufika mahakamani. Duka lilikubali kutoa pistoni, ringi na silinda mpya, sisi tukalipa gasketi, oili na mkono wa fundi. Jamaa mmoja wa stendi alinilaumu, akasema ningewakaza walipe yote. Pengine. Lakini Jumamosi mbili za chama zilikuwa zimeshapita bila kulipwa, mke wangu alikuwa ameanza kuwakwepa wenzake sokoni, na shemeji alikuwa akikodi pikipiki ya mtu na kurudi na nusu ya alichozoea. Siku 60 za mahakama ni chache kwa hakimu. Kwa nyumba inayokula kwa siku ni nyingi mno. Ingelikuwa na ile risiti ya huduma ya tatu, ningewakaza. Risiti ya mkebe mmoja wa oili ilitutia hasara ya gharama ya ufundi, ambayo ilikuwa zaidi ya mikebe minane.

Tulidai jambo moja la mwisho, nalo nalipendekeza kwa kila mtu: karatasi yenye muhuri inayosema ni vipuri gani vilibadilishwa, kwa kilomita ngapi, na kwamba vipuri hivyo navyo vina dhamana ya muda gani. Mkubwa wa duka alisita. Nikamwambia nangoja, nikaketi. Aliandika.

Siku hizi kuna daftari la shule lenye jalada la bluu linaloning'inia kwa uzi nyuma ya mlango wetu. Kila akibadilisha oili, shemeji anaandika tarehe, kilomita, jina la oili, na risiti inabandikwa kwa gundi chini yake. Oili inayomwagwa tunaiweka kidogo kwenye chupa angavu yenye tarehe hadi zamu inayofuata, ili rangi ilinganishwe. Iliyobaki mama mkwe anapaka nguzo za boma dhidi ya mchwa, ingawa nimemwomba asiifikishe karibu na kisima. Kwa sasa mita inasoma 21,340. Zamu inayofuata ni 21,500, itafika kesho jioni. Mkebe nimeshaununua, uko chini ya kitanda, na risiti yake iko ndani ya daftari.